Mume Anayemenya Mihogo

Masasi
14 Julai 2024

Mdogo wangu mpenzi Zabibu,

Assalaam alaykum. Hujambo huko juu na ule upepo wa Newala? Sweta la Mama unalivaa, au umelificha tena chini ya godoro kwa aibu? Sisi huku ni wazima, wote wawili, na nikiandika "wote wawili" natabasamu peke yangu kama mwehu. Leo tumetimiza wiki sita za ndoa.

Zabibu, kumbe mume ni kitu kitamu hivi! Juzi nimetoka bombani, naingia uani namkuta Mahmudu kakalia kigoda changu, kisu mkononi, anamenya mihogo. Fundi cherehani mzima, kajifunga kanga yangu kiunoni! Jirani yetu Mama Tahiri akachungulia juu ya ukuta: "He! Bwana harusi, umerogwa?" Mahmudu hata kichwa hakuinua: "Nimerogwa, mama, na mganga simtafuti." Nilicheka hadi ndoo ikanimwagikia. Somo yangu wa unyago alinifundisha mengi, lakini hilo hakulitaja.

Chumba chetu kinatazama mlima wa mawe. Asubuhi jua likipiga ule mwamba unageuka rangi ya maandazi, naye ananiamsha nikautazame, eti mlima umeniulizia. Amenishonea gauni la vipande vya vitambaa vilivyobaki kwa wateja. Kila kipande ananiambia kilitoka kwenye nguo ya nani. Natembea sokoni nimevaa nusu ya Masasi!

Kwa kuwa hosteli mmekatazwa simu, barua nampa Bwanali, yule kondakta wa basi la Newala. Mpe na majibu. Nisalimie Mama ukienda nyumbani Makote.

Nakupenda sana, ila sasa yupo mmoja nampenda kukuzidi kidogo. Usinune.

Dada yako,
Somoe

Hosteli, Newala
11 Agosti 2024

Kwa dada yangu,

Shikamoo dada. Shemeji naye mpe shikamoo yake, umwambie sijanuna. Mimi sijambo, isipokuwa maji ni ya shida na tunaoga kwa zamu. Mama hajambo. Mikorosho imeanza kutoa maua, anasema mwaka huu yatashika.

Dada, barua yako imekuwa maarufu! Nilimsomea Maryam wa kitanda cha juu, Maryam akawaita wengine, sasa bweni zima linaijua kwa moyo. Mtu akisema "umerogwa?" tunaitikia wote, "na mganga simtafuti!" Matron ametutishia adhabu.

Wiki iliyopita walikuja watu wa utafiti wa vijana. Wametupa karatasi za maswali, hatuandiki jina, ukimaliza unaitumbukiza kwenye sanduku lenye kufuli. Umekula asubuhi kabla ya masomo? Una mtu wa kumwambia siri? Wiki iliyopita ulikuwa na furaha siku ngapi? Mimi nimejaza tatu. Wewe ungejaza saba, au ungeomba waongeze mistari. La mwisho liliuliza unajiona wapi miaka mitano ijayo. Hapo tulicheka sana, msimamizi akasema tunaharibu utafiti. Nilichoandika sikwambii.

Dada, unamkumbuka Ashiru, mtoto wa mwenye mashine ya kusaga? Anasema msimu wa korosho ukiisha atawatuma wazee kwa Mama. Usimwambie Mama kitu. Andika haraka, na uandike ndefu, wenzangu wanaisubiri.

Mdogo wako,
Zabibu

Masasi
8 Septemba 2024

Zabibu wangu,

Assalaam alaykum na marahaba, mara mbili, moja ya shemeji yako. Mmeoga lakini? Sisi wazima, alhamdulillah, nami nina habari: nimepata kazi! Ya miezi mitatu tu, lakini ni kazi. Niko kwenye ofisi ndogo nyuma ya stendi, naingiza majibu ya utafiti kwenye kompyuta. Ndiyo, ni huo uliofika kwenu! Tumeanza na shule za Masasi, zenu bado ziko kwenye maboksi. Msimamizi wetu, Bi Oliva, ametusainisha karatasi ya kutunza siri na kutuonya: "Ukitoka hapa umesahau."

Mahmudu amefurahi kuliko mimi. Asubuhi ya kwanza alinisindikiza hadi mlangoni akasimama pale kama ananipeleka chekechea. Nimemwambia aondoke, akaenda hatua kumi, akageuka kunipungia. Wenzangu wakasema, "Dada, huyo wako au wa kuazima?" Wangu! Jioni nikirudi chai ipo tayari. Ina sukari nyingi mno, naye nampenda na sukari zake.

Ashiru namkumbuka. Pikipiki yake bado ina taa za rangi? Waambie wenzako kwamba mihogo inaendelea kumenywa.

Dada yako mwenye raha,
Somoe

Hosteli, Newala
29 Septemba 2024

Kwa dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi mzima kiasi.

Hongera ya kazi. Barua tumeisoma mara nne. Maryam anasema yeye hahitaji hata chai, mtu wa kumpungia mkono tu anamtosha.

Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ni mwisho wa mwezi ujao. Dada, nikuulize kitu. Kuna wanaosema mtu akiiacha karatasi wazi, asiandike chochote, matokeo yakitoka mzazi hana wa kumlaumu. Amefeli tu. Anakaa nyumbani, na mengine yanafuata yenyewe. Usishtuke, nakwambia wanavyosema. Wewe ulivyo na raha hivyo, Jiografia imekusaidia nini?

Ashiru anasalimia.

Mdogo wako,
Zabibu

Masasi
13 Oktoba 2024

Zabibu, mdogo wangu,

Assalaam alaykum. U mzima? Unalala vizuri? Nauliza nikitaka kujua kweli.

Wiki hii tumefungua maboksi ya Newala. Niliyoyasoma sitakwambia. Nimesaini, na karatasi hazina majina hata ningetaka. Ila niliacha kuandika, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Bi Oliva akanifuata: "Mwanangu, umeona nini?" Nikamwambia, "Nimejiona mimi." Nikamuuliza kama naruhusiwa kumwandikia mdogo wangu. Akafikiri, akasema: "Majibu ni ya waliojibu, usiyaguse. Barua zako ni zako. Kama zilikuwa na upungufu, zijaze."

Basi nazijaza.

Nilikuandikia kwamba Mahmudu anamenya mihogo. Sikukwambia alijifunzia wapi. Posa yake ya kwanza ilikuja nikiwa kidato cha tatu, wewe ulikuwa mdogo, ulidhani wale ni wageni wa korosho. Mama aliirudisha. Aliwaambia washenga, "Mwanangu ana daftari mkononi, hawezi kushika vitu viwili." Nililia wiki nzima, nikamchukia Mama. Mahmudu hakuniambia niache daftari. Alipanga chumba hapa Masasi, akakaa peke yake miaka mitatu, miwili ya shule yangu na mmoja wa kozi ya kompyuta. Hakuwa na wa kumpikia. Alimenya mihogo, akajikata kidole, akala mibichi, hadi akajua. Lile kovu la dole gumba ndilo hilo.

Kwa hiyo, Zabibu, ule mkono mnaousifu bwenini umetokana na kusubiri. Asingenisubiri, leo angekuwa amekalia kiti na mimi ningekuwa namenya.

Jingine. Ukiniuliza siku za furaha ningejaza sita, siyo saba. Siku moja kila wiki nakumbuka nyumbani hadi chakula hakipiti. Sikuandika kwa kuwa niliona haya kulia mbele yako nikiwa bibi harusi. Na nikilia, nina ofisi ya kwenda kesho yake na watu wa kunichekesha. Hiyo ndiyo Jiografia iliyonisaidia.

Sikukatazi kupenda. Mimi nitakukataza kwa mdomo gani? Nakuomba jambo moja tu. Muulize Ashiru kama anaweza kusubiri. Na karatasi ya mtihani uijaze, hata kwa makosa.

Wasomee na wenzako barua hii. Hiyo nyingine wameshaijua.

Dada yako,
Somoe

Masasi
24 Novemba 2024

Zabibu,

Salaam nyingi. Hujajibu. Nilimtafuta Bwanali stendi, nikaambiwa basi lao lilikaa gereji kusubiri springi, na yeye hakumbuki barua alimpa nani wala lini. Mitihani imeisha. Nikimpigia Mama anasema uko shambani unaokota korosho. Kila nikipiga uko shambani. Korosho gani hizo zisizokwisha?

Shemeji yako anauliza habari zako kila jioni. Andika hata mstari mmoja. Hata ukiwa wa hasira nitaufurahia.

Dada yako,
Somoe

Newala
19 Januari 2025

Kwa dada yangu Somoe,

Shikamoo dada, shikamoo shemeji. Heri ya mwaka mpya. Nisamehe kwa kukimbia simu, nilikuwa naogopa sauti yako. Mama mzima, korosho amepeleka ghalani, na mimi nimerudi hosteli, kitanda kilekile.

Barua yako ilifika siku ya kwanza ya mitihani, jioni. Bwanali alikuja nayo mwenyewe hadi getini, imejaa grisi. Asubuhi yake ilikuwa Jiografia. Dada, niliiacha wazi. Ndiyo, nilikuwa mmoja wao. Niliandika namba yangu ya mtihani, nikaweka kalamu, nikatazama mwembe wa nje kwa muda wa saa mbili na nusu. Maryam pia. Msimamizi alipita mara tatu, mara ya tatu akauliza, "Binti, unaumwa?" Nikasema hapana.

Barua tuliisomea nyuma ya simtanki la maji, tukiwa sita. Nilipofika kwenye kidole alichojikata shemeji, hakuna aliyecheka. Maryam akasema, "Kumbe alijipikia miaka mitatu," akainuka akaenda kutafuta rula yake ya Hisabati. Mitihani iliyobaki tumeandika hadi wakatunyang'anya karatasi. Kuna mmoja wa wale wa karatasi wazi ambaye hakuwepo nyuma ya simtanki. Huyo hajarudi shule.

Ashiru nilimuuliza. Tulikuwa pale mashineni, watu wanapima unga. Nikamwambia miaka miwili, labda mitatu. Akasema, "Miwili! Kwani unajenga ghorofa?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilidhani ni utani. Kabla mwezi haujaisha wazee wake walikuwa wameshakwenda kwa binti mwingine, kule Kitangari. Nililia siku mbili shambani, ndizo siku ulizokuwa unapiga. Siku ya tatu Mama alileta mihogo ya kuchemsha, tukala. Halafu akaniambia, "Dada yako naye alilia hivyohivyo. Wewe umekula mapema."

Matokeo yametoka. Nimefaulu kuingia kidato cha tatu, na Maryam pia, kwa kuchechemea. Ninazo C tatu, D nne, na F moja ya Jiografia. Hiyo F nimeipa jina la Ashiru.

Watu wa utafiti wamesema watarudi mwezi wa pili kutuuliza tena yaleyale. Siku za furaha nitajaza nne, labda tano kama maji yatatoka. Lile swali la miaka mitano safari hii nitajibu kwa akili yangu, sitanakili kwenye barua yako kama tulivyofanya mara ile. Nimeshaanza kufikiria. Mihogo lakini nitaiacha palepale.

Mdogo wako,
Zabibu