Watoto Hawahesabiwi

Ekerenyo, Jumapili

Kwako Mama Wakesho,

Mnaendeleaje huko Wundanyi? Goti la mama yangu limepoa? Mimi mzima, ila upara umeongezeka na suruali imelegea. Ukiambiwa nimeoa huku usiamini. Hakuna mke angeniacha nikonde hivi. Mvua hunyesha kila alasiri. Ikianza, kila mtu huingia kwake kuongea Kikisii na watu wake, nami nabaki na sufuria.

Mzee mzima nimepewa darasa la kwanza. Watoto huimba moja hadi mia bila kukosea, lakini ukiweka vijiwe saba mezani, huvihesabu upya kila mara, hata kama hakuna aliyevigusa. Nikajiona mjanja: tuhesabu wanachokijua. Nikamwuliza binti mmoja, Moraa, kwao wako watoto wangapi. Akageukia dirisha. Nikarudia. Akatazama chini. Nikamwita mkaidi, nikamsimamisha pembeni hadi kengele.

Kesho yake hakuja. Wiki ikaisha.

"Umewaudhi," mwalimu mkuu akaniambia. "Mtu wa mbali unataka kuwahesabia watoto? Huyo hatarudi."

Mama Wakesho, chakula kilinishinda, na unanijua. Jumamosi nikapanda kilima hadi kwao. Mama yake alikuwa akimenya ndizi za kupika. Nikaomba radhi.

"Mwalimu, mtoto hahesabiwi," akasema. "Ukihesabu, kuna kitu inasikia. Mimi nimezika mmoja."

"Sasa wakiingia kula, unajuaje wametimia?"

Akanicheka. "Na wewe ulisoma kweli? Naangalia tu. Kama mmoja hayuko, naona pahali yake."

Niliteremka polepole. Yule mama hajakanyaga darasa, na alikuwa amenifundisha kazi yangu.

Jumatatu Moraa alikuwa mlangoni. Siku hizi natandaza vipande vya lile jiwe laini la kuchongea vinyago, kutoka Tabaka, wanatazama bila kuhesabu, nafunika kwa kofia, naondoa viwili, nafunua. Vingapi havipo? Kwa lugha yao saba ni tano na mbili, na Moraa anaiona hivyo hivyo mezani. Hujibu kabla sijamaliza kuuliza, kisha hunihurumia.

Ijumaa alitumwa kuniletea ndizi. Akachungulia ndani: kitanda, kiti, sahani moja.

"Mwalimu," akasema, "hapa watu imepungua."

Nikamwambia ni kweli. Hakuuliza wangapi, wala sikumtajia.

Nisalimie mama yangu. Mwambie shemeji Mghendi, fundi wa kujidai, asiguse paa langu. Mbusu Wakesho, na kaka yake, na yule mdogo anayenikimbia nikija. Shule zikifungwa napanda basi la kwanza. Ila mkiketi kula, tafadhali, msisogeleane sana hadi pahali pangu pakapotea.

Ni mimi mumeo,
Baba Wakesho