Zimwi la Mudaka Halikutisha Cimpunda

Mujukuu wangu Bahati,

Nakusalimia sana. Sisi huku Cimpunda tuko wazima, ni magoti yangu tu yanalalamika. Na wewe, huko Lubumbashi unakula vizuri?

Umeniuliza kama hadithi unayoandika unaweza kuiweka Ulaya, kwenye theluji. Mimi koko wako, bibi yako, sikusoma sana, lakini nitakuambia kitu kimoja.

Wakati wa Zaïre, mama yako Nsimire akiwa mudogo, alipenda kucheza kwenye korongo nyuma ya nyumba, pale mvua inapobomoa udongo. Nilimukataza mupaka nikachoka. Basi nikamupa hadithi ya kwetu kijijini Mudaka, ya zimwi linalokula watoto kwenye kinamasi. Alicheka.

"Maman, ile iko Mudaka. Itapanda huku na bisi gani?"

Kesho yake nikaanza upya. Nikaweka zimwi mule mule korongoni, chini ya mupapai wa jirani, miguu yake imejaa ule udongo mwekundu wa huku Cimpunda. Nsimire aliangalia miguu yake mwenyewe. Hakushuka tena. Na siku mvua ilipobeba ule mupapai, yeye alikuwa jikoni, amenishika kikwembe nilichojifunga kiunoni.

Hadithi ilikuwa ileile, mahali tu ndipo palibadilika. Theluji hujaishika, mutoto wangu. Andika barabara yako ya huko, na mufereji wake, na mbwa wa jirani. Nitaisoma polepole, na mimi nitajua unapita wapi ukirudi jioni.

Nakukumbatia,
Koko wako