Mama, Mwambie Mdogo Wako Aende

Mwaka umezunguka, Mama, tangu tulipotoka na wewe hospitali ukiwa umefunikwa shuka ambalo usingekubali litoke kwenye duka lako la dobi. Mwanao wa pili alilinyoosha pembe kwa kiganja, akasema, "Angeliona hili angetusema." Tukacheka huku tunalia. Hatujacheka hivyo tena.

Wateja bado wanakuulizia. Wengi walikujua kwa jina moja tu, Bi Pasi, wala hawakutaka lingine. Wanakumbuka ulivyoshika kola ya shati, ukaiangalia, kisha ukamwangalia mwenye shati mpaka mtu mzima na ndevu zake akaanza kujieleza. Bwana harusi mmoja alikuletea suti yenye mafuta kifuani asubuhi ya ndoa yake. Ulimsema nusura aghairi kuoa, halafu ukaisafisha, ukaipiga pasi, ukamfunga na tai. Na yule jirani ambaye mumewe alipooza, hakufua mashuka tena. Uliyapitia mwenyewe kila yalipochafuka, na hukutaka kushukuriwa.

Sukari uliiheshimu kuliko ulivyomheshimu Baba. (Ni Baba mwenyewe anayesema hivyo, tumemwachia.) Asubuhi ulijichoma kidole ukapima kabla hujawasha pasi. Kliniki hukukosa. Walikukagua miguu, wakakupima macho, wakakuuliza kama unafanya mazoezi, nawe ukawauliza kama wao wamewahi kusimama mbele ya pasi kutwa. Habari za mfuko wa uzazi hakuna aliyekuuliza, na wewe hukuona sababu ya kuzitaja. Hedhi ilikuwa imekoma miaka. Ulijua huko umeshamaliza.

Ilipotoka damu, uliifanyia kile ulichoifanyia damu ya watu wote: maji baridi, chumvi, sabuni ya mche, kisha juani. Sote ulitufundisha kwamba damu haitiwi maji ya moto, inang'ang'ania. Kwa hiyo hatukuona hata alama. Baba aliyelala kitanda kimoja na wewe hakuona. Ulimwambia mdogo wako peke yake, tena kwa utani, mkiwa mnakunja mapazia ya watu.

"Mwenzio nimerudi usichanani."

"Basi tukutafutie mchumba."

Mkacheka. Mlivyozoea kucheka nyinyi wawili, nani angejua kwamba hapo palikuwa pa kulia?

Ulipokubali kwenda hospitali, saratani ilikuwa imeshatoka kwenye mfuko wa uzazi na kusambaa. Daktari, yule mama mwenye sauti ya chini, alituketisha akatueleza. "Si kila mwenye sukari anapata saratani hii," alisema. "Wengi hawaipati. Lakini mwanamke mwenye sukari, hasa akiwa na mwili mkubwa, hatari yake iko juu kuliko ya wengine. Damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, hata tone, asingoje, aje tumpime. Mara nyingi ikiwahiwa inatibika."

Baba akauliza, "Sisi tungewahi lini?" Daktari akamshika mkono. Mama, swali hilo Baba bado analiuliza. Anaiuliza redio, anaiuliza birika la chai.

Sasa sikia kilichonifanya mimi, kifungua mimba wako, nishike kalamu kwa niaba ya wote.

Duka analiendesha mdogo wako. Ana sukari kama yako, ana mwili kama wako, na kichwa chake ni kigumu kuliko chako, jambo tulilodhani haliwezekani. Hedhi yake ilikoma mwaka ule alipomwoza binti yake. Juzi nilipita kuchukua magauni, nikakuta huko nyuma beseni limefunikwa. Ndani mlikuwa na shuka lake la maua. Maji yalikuwa ya chumvi, na yalikuwa yamegeuka rangi.

"Mama mdogo, hii nini?"

"La mteja."

"Mteja gani analalia shuka lako?"

"We mtoto, umekuja kuchukua nguo au kunipekua?" Kisha akakaa, pumzi zimemwishia. "Niacheni. Dada yangu nimemuona alivyokwisha. Wakiniambia na mimi ni hiyo hiyo, siku hiyo nitaimaliza vipi?"

Nikamwambia pengine siyo, huenda ni kitu kingine kabisa.

"Sasa kama siyo, niende kufanya nini?"

Tumemwendea wote, Mama. Baba alipiga magoti kwenye sakafu ya duka, wateja wanaona. Binti wa mama mdogo amelia mpaka sauti imekauka. Mwanao wa pili alitishia kumbeba mgongoni, akaambiwa ajaribu aone. Nilimpigia daktari yule yule, nikamtia mama mdogo simu mkononi. Akasema, "Ndiyo daktari, nimeelewa daktari," akakata, akaendelea kupiga pasi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu ana macho na ameyafumba kwa makusudi. Tumeishiwa. Tunaogopa, na hatujui tumfanye nini.

Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unamwambia "nyamaza" akanyamaza. Na tunajua gazeti hili analisoma. Anaanza na ukurasa wa vifo kabla ya habari, kama mlivyokuwa mkifanya pamoja pasi ikipata moto. Basi mwambie, Mama. Mwambie hatumlaumu kwa kicheko cha siku ile, utani uliuanza wewe. Mwambie kungoja hakukuondoa woga wako, kuliondoa siku zako tu. Mwambie kesho asubuhi tutakuwa mlangoni, sote, na duka halitafunguliwa, na nguo za watu zitasubiri. Mwenye haraka na shati lake aje atutukane sisi.

Unakumbukwa na mumeo, anayejipigia pasi na kuunguza kila kola. Na sisi wanao watatu. Na wakwe zako, na wajukuu, hata yule aliyezaliwa ukiwa umeshaondoka, ambaye wote wanasema ana mdomo wako. Na jirani yako na mumewe. Na wateja walioacha kukuogopa siku ya mazishi. Unakumbukwa pia na mdogo wako. Alitukataza kumtaja hapa, akasema atakukumbuka kivyake. Tumemtaja.

Wewe, Mama, tutakukumbuka mpaka mwisho wa siku zetu. Yeye hatutaki kumkumbuka. Tunataka aendelee kutufokea.