Mpira Uliopasuka kwenye Pointi ya Dhahabu

Gwang-su, weka chini hizo tambi unisome.

Tumepoteza fainali ya tenisi ya mpira laini, ule wa kujazwa upepo. Seung-rok alibakiza pointi moja, moja tu, tuchukue dhahabu na yeye asamehewe jeshi la lazima, kama sheria yetu inavyowasamehe wanaoleta dhahabu. Unajua ameshaahirishiwa mpaka hakuna tena cha kuahirisha.

Kabla ya pointi yenyewe mwamuzi aliubonyeza mpira, akauliza kama wabadilishe, maana umechoka. Wajapani wakasema sawa kwao. Seung-rok akasema, "Acha huohuo, una bahati."

Una bahati, Gwang-su. Alisema hivyo kwa kinywa chake.

Akaupiga kwa nguvu zote, Wajapani hata hawakuugusa. Akageukia benchi letu, akatupigia saluti, analiaga jeshi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Mwamuzi akaomba aletewe mpira. Ulikuwa umelala kiganjani mwake kama soksi. "Umepasuka mchezoni. Pointi inarudiwa."

Inarudiwa. Na mkono wa Seung-rok bado uko kwenye paji la uso.

Ikarudiwa kwa mpira mpya, akapiga nje. Iliyofuata, nje. Iliyofuata, wavuni. Kwisha.

Sasa tuko kwenye gari la timu na hakuna anayemtania, hata mimi. Amekaa ubavuni mwangu, medali ya fedha ameitia ndani ya kiatu cha akiba. Akaniuliza, "Kaka, wewe uliingia kambi ya jeshi Januari, kwenye theluji. Vidole viliacha kuuma kwa baridi lini?"

Nilikuwa na jibu la kumchekesha. Nikamwambia Machi.