Mikono ya Mama Panya

Nyumbani kwenu,
Chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Binamu,

Salamu kwanza. U hali gani huko ugenini, na kile kikohozi kimekuachia? Sisi tunajikongoja. Paa bado linavuja palepale unapopajua.

Habari za mama yako si nzuri, nami sitazipamba. Shangazi anasahau. Juzi alinikaribisha kama mgeni, akaniuliza nimetumwa na nani. Nilijikaza nikamjibu, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Inaniuma zaidi kwa kuwa ni yeye. Maisha yake yote kakaa maabara akionyesha kwa panya jinsi homoni ya hofu, ikizidi mwilini, inavyoharibu sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Wakubwa wake walimcheka, mtaa ukambandika jina la Mama Panya, baadaye wote wakaja kumpigia makofi. Sasa jirani anasema eti panya wamelipiza kisasi. Nilimtoa nje kwa maneno yasiyoandikika.

Lakini kazi haijamtoka. Unakumbuka alivyokuwa akipasha mikono joto kwapani kabla ya kumshika panya? Wiki hii muuguzi alikuja kumtoa damu. Alipoguswa, Shangazi akaurudisha mkono wake.

“We binti, mikono yako barafu! Ukinishtua damu itajaa hofu, sasa utapima nini?”

Muuguzi akacheka, akaenda kupasha mikono kwenye kikombe cha chai. Nilijivuna, Binamu, kama vile ni mimi niliyesema. Halafu Shangazi akanigeukia, akaniuliza tena mimi ni nani.

Daktari anasema tusitarajie nafuu. Jina lako bado analitaja, ila kwenye picha hakutambui tena. Najua mliagana mmenuniana, na kazi imekubana. Yaache hayo. Ukichelewa utamkuta, lakini utakuwa mgeni kama mimi.

Baba, mjomba wako, anakusalimu sana, na watoto wangu pia. Mungu akufungulie njia, akulinde safarini.

Kabla sijafunga bahasha: jana nilimwambia huenda ukaja. Aliingiza mikono kwapani, akakaa hivyo dirishani mpaka giza likaingia, na chakula akakataa kukishika asije akaipoza. Njoo, Binamu, mikono ingali na joto.

Ni mimi nikupendaye,
Binti wa mjomba wako.