Kitufe Chenye Plasta

Jumatatu, 12 Machi

Nimefagia. Nimeifunua kompyuta kitambaa chake, nimewasha. Kioo cheusi, maandishi meupe ya Kiingereza, basi. Jana umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, leo mashine haiendi. Mzee Njiku, mwenye steshenari, kaniangalia kama mimi ndiye niliyeukata. Nimeudhika. Mchana sikula.

Nyimbo za mama zimo humo. Aliniimbia kwa Kinyaturu akiwa kitandani anaumwa, nami nikazichapa hapa saa za chakula. Sasa yuko kaburini. Sikutoa hata ukurasa mmoja, maana karatasi ni za Mzee.

Jumanne, 13 Machi

Nimempigia simu Fundi Kilumbi wa Dodoma, aliyetufungia mashine. Kasema kazi ndogo. Weka ile CD niliyowaachia. Washa, na hapo hapo bonyeza Delete, tena na tena, menyu itafunguka. Chagua mashine ianzie kwenye CD. Itatengeneza palipoharibika, mafaili yatabaki.

Kazi ndogo, eti. Delete imebandikwa plasta, ile ya kidonda, tangu mwaka jana. Mzee aliambiwa maana yake ni kufuta, akaifunika kwa mkono wake mwenyewe. Nimemweleza kwamba wakati wa kuwasha haifuti kitu, inafungua tu. "Kufuta ni kufuta," kasema. Nimeondoka bila kuaga.

Jumatano, 14 Machi

Bado. Mzee alikuwa muuzaji wa duka la ushirika, humu humu, enzi za foleni ya sukari. Siku hizi biashara huria, kila mtu anauza anachotaka, yeye bado analinda kaunta. Fotokopi ina kufuli. Kalamu zina kamba. Zamani nilikuwa nacheka.

Alhamisi, 15 Machi

Ameamua. Kesho mashine inapanda basi kwenda Dar kwa mpwa wake, ikasafishwe. Nimemuuliza ikisafishwa vilivyomo vinakwenda wapi. Kasema itarudi kama mpya. Mtu anaogopa kitufe cha kufuta, halafu anapeleka mashine nzima ikafutwe.

Namchukia. Narudia, namchukia. Shikamoo ya kesho nitaitoa kwa sababu mama alinilea, si kwa sababu anastahili.

Ijumaa, 16 Machi

Shikamoo. Marahaba. Boksi tayari liko mezani, na kamba.

Nikamwambia habari za mama. Kwa ukali, sikuomba. Kasema mama aliimba kwenye harusi yake yeye, sikujua. Kisha akaibandua plasta mwenyewe, taratibu. "Bonyeza wewe. Mimi sitaki kuona." Akatoka, akasimama barabarani, ameupa mlango mgongo.

Nikaweka CD, nikawasha. Delete, Delete, Delete. Kioo kikawa cha bluu. Menyu. Nikashuka kwa mshale hadi kwenye CD, nikakubali. Ikanguruma hadi adhuhuri. Nilikuwa bado na hasira, na machozi juu yake.

Jumamosi, 17 Machi

Zimo zote. Mzee ametoa karatasi bila kuambiwa. Plasta kairudisha, mpya, sikubisha.

Akataka nimsomee ule wimbo wa harusi. Nikasoma. Nilipofika mwisho yeye akaendelea, kwa sauti ya chini, anatazama kaunta. Ubeti mmoja zaidi. Mama hakuwahi kunipa huo, labda alichoka.

Nikamwomba arudie polepole. Nimeuchapa.