Baba wa Barazani

Jumamosi, Chake Chake. Mawingu tangu alfajiri, na mvua hainyeshi. Mimi nami niko hivyo hivyo, si kilio si kicheko.

Leo mwanangu Sabra ana siku thelathini na nane. Ndiye wa kwanza. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu ninayeweza kumwambia usoni: sihisi kitu juu yake.

Simchukii, hasha. Nikimtazama ni kama namtazama mtoto wa jirani: mzuri, mashaallah, basi. Siku aliyozaliwa nilimwadhinia sikioni, sauti ikatoka sawasawa, moyoni kimya. Nikasema ni uchovu. Wiki ya tatu bado nilisema ni uchovu.

Mke wangu, Raya, alikwenda kujifungulia kwao, kisiwani Makoongwe, na huko ndiko anakokalia arobaini yake, kama ada yetu kwa uzazi wa kwanza. Kila Jumamosi nimekuwa nikivuka kwenda kuwaona. Nikifika nakaa barazani. Ndani yumo mama mkwe, wamo wanawake waliokuja kumtazama mzazi, na mkwe mwenye adabu haingii ingii. Mtoto analetwa mlangoni, nasema mashaallah, alale tu, anarudishwa ndani. Majirani wananisifu kwa haya yangu.

Haya gani! Nilikuwa najificha.

Na mimi ni mwalimu wa bayolojia. Mwezi huu nafundisha homoni, Kidato cha Tatu. Jumatano nilieleza oksitosini, inavyomsaidia mama kujifungua na kutoa maziwa, na inavyomvuta kwa mwanawe. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza kama wanaume nao wanayo. Nikamjibu vizuri kabisa. Wanayo, lakini haiamshwi kwa kukaa mbali. Inataka kushika, kubeba, kucheza na mtoto. Ukimbeba, mwili wako hubadilika, na mwili uliobadilika hukurudisha tena kwa mtoto. Nikachora ubaoni mshale wa kwenda na mshale wa kurudi.

Kisha nikabaki nimeutazama ubao, chaki mkononi. Mimi nilikuwa nangoja nimpende ndipo nimbebe.

Jana Raya alinipigia. Hakulia, hakugomba. Alisema kama siko tayari, atabaki kwao hata arobaini ikiisha. Aliyasema taratibu, kama mtu anayeuliza kama nyumbani kuna mchele. Nikasema nitakuja kesho.

Leo asubuhi nikavuka, nikakaa barazani pale pale pangu. Mama mkwe, Bi Hidaya, ambaye miaka miwili hii tunaamkiana tukitazama chini, akatoka na Sabra, akasimama mbele yangu.

"Nyosha mikono, Mwalimu. Nshike mwanao. Kwani hula watu huyu?"

Akamweka mikononi mwangu, akaenda zake jikoni, na hakurudi upesi.

Nilifungua vifungo viwili vya shati nikamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa ndivyo ninavyofundisha. Alinukia maziwa na udi. Nikangoja. Hakikuja kitu. Shingo ikaniuma, mkono ukafa ganzi, akanikojolea, akalala. Nilikaa naye mpaka adhana ya adhuhuri. Nakiri nilivunjika moyo kidogo, maana nilitaka muujiza.

Raya alikuja kusimama mlangoni, akatutazama. Nikamwambia ukweli: bado. Nikamwambia pia warudi Jumatatu arobaini ikitimia, kama tulivyopanga, na kila siku nikitoka shule nitambeba, nihisi nisihisi.

Kisha akaingia ndani, akarudi na nepi kavu, akanipa.

Sijapata kumwona mwanamume wa kwetu akimfunga mtoto nepi, na mimi sikujua pa kuanzia. Nimeifunga vibaya, upande mmoja juu, mwingine chini. Raya aliitazama kazi yangu, akaiacha ilivyo.

Sasa niko nyumbani. Shati limekauka na bado linanuka mkojo. Sihisi kitu, au kama nahisi, sijui ni nini. Sijui mshale wa kurudi hufika siku ya ngapi. Kitabu ninachofundishia hakisemi.

Jumatatu nitambeba.